Shamba la Mafuta ni Nini?

Karatasi yenyewe bado ninayo. Nimeikunja mara nne na kuiweka ndani ya kamusi ya Kifaransa. Kichwa chake kimeandikwa kwa herufi kubwa: SHAMBA LA MAFUTA NI NINI? Swali niliandika mimi, na jibu lililo chini yake niliandika mimi pia. Nimefundisha jiografia kwenye sekondari moja hapa Kisangani kwa miaka mingi, na sijawahi kumwonea huruma mwanafunzi anayejibu swali zuri kwa maneno mazuri yasiyo na kitu ndani. Napitisha kalamu nyekundu, naandika sifuri, namwambia akae. Karatasi hii ingekuwa ya mwanafunzi, angekaa.

Kazi ile ilinijia wakati wa likizo kubwa. Kulikuwa na kampuni ya upimaji iliyopanga nyumba upande wa Simi-Simi, karibu na uwanja wa zamani wa ndege, na mkubwa wao hapo alikuwa injinia kutoka Kinshasa, mtu mpole mwenye leso shingoni kwa ajili ya jasho. Walikuwa wanatafuta mafuta chini ya misitu ya Yahuma. Kabla ya kuingiza watu wao na mapanga yao kule vijijini, walitakiwa kuwaeleza wenyeji wanakuja kufanya nini. Injinia alikuwa na ukurasa mmoja wa Kifaransa, wenye kichwa *Qu'est-ce qu'un champ pétrolier?*, na alitaka upande mmoja uwe Kiswahili, upande wa pili Lingala. Mtu fulani alimpa jina langu. Nilizijua lugha zote tatu, na nilijua kwamba nazijua. Hilo la pili ndilo lililoniponza.

Mimi siwezi kutafsiri kitu nisichokielewa, kwa hiyo nilianza kwa kumhoji. Nilimuuliza kama kule chini kuna ziwa la mafuta, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyokuwa nafikiri, na aibu ni kwamba hivyo ndivyo nilivyokuwa nafundisha. Alicheka, akaenda kwenye sanduku, akarudi na jiwe la mviringo, refu kama kuni ya jikoni. Hakuna ziwa, aliniambia. Kuna mawe. Jiwe la namna ile lina matundu madogo ambayo jicho halioni, na mafuta yamejificha humo kama maji ndani ya mchanga uliolowa. Juu yake kuna jiwe jingine gumu lisilopitisha kitu, ndilo kifuniko. Pakiwa na jiwe lenye mafuta, na kifuniko chake, na mafuta yenyewe yakiwa mengi kiasi cha kumfaa mtu kuhangaika nayo, basi pale panaitwa *champ*.

"Na juu ya ardhi unaona nini?" nilimuuliza.

"Hakuna kitu, madame. Miti. Mbuzi. Mutu anaweza kulala juu yake mpaka anakufa, hajui."

Wanajua kwa kupeleka sauti ndani ya ardhi na kusikiliza jinsi inavyorudi, alisema, halafu wanatoboa. Na mara nyingi wanatoboa wanakuta maji ya chumvi, wanafunga mizigo wanaenda.

"Kumbe ni shamba ambalo hakuna aliyelipanda," nikasema kwa utani. Injinia alicheka sana. Mimi nilifurahi kumchekesha, kisha nikasahau nilichosema.

Nyumbani nilikaa mezani na ukurasa ule siku mbili. Tatizo la kwanza lilikuwa neno lenyewe. Hapa kwetu, petroli ni ya taa. Inayoingia kwenye pikipiki ni esanse, inayoingia kwenye lori ni mazutu. Nikiandika "petroli", watu wa Yahuma wangedhani kuna watu wamekuja kutafuta taa chini ya ardhi. Kisima nacho kwao ni mahali pa kuchota maji, na sikutaka akina mama waanze kuogopea maji yao. Nikabaki na "mafuta", neno safi, la watu wote. Na *champ* ni shamba, hata mtoto wa darasa la kwanza anajua. Kwa Lingala ikawa *elanga ya mafuta*. Lugha mbili zilikubaliana bila kugombana, nikaona ni dalili njema.

Tatizo la pili lilikuwa urefu. Aya ya mawe yenye matundu ilikuwa nzito kwa Kiswahili, ilikuwa nzito zaidi kwa Lingala, na ukurasa ulikuwa mmoja. Niliifuta. Nilijiambia kwamba mtu wa kijijini hana haja na mawe. Nikabakiza sentensi zilizokuwa zinateleza vizuri mdomoni: shamba la mafuta hupimwa kwanza kwa mistari iliyonyooka, kisha eneo husafishwa, shamba moja laweza kutoa mafuta kwa miaka mingi na kuwapa vijana kazi. Injinia alisoma, akanisifu, akaniagizia soda ya baridi. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikijisikia mtu.

Sasa nimtaje tonton. Ni mdogo wa mama yangu, na ndiye aliyenilea baba alipofariki. Anaishi Yahuma, kwenye kijiji kilicho kando ya mto mdogo unaoishia kwenye mto mkubwa. Ujana wake aliumalizia kwenye shamba kubwa la michikichi huko mto unakoteremkia, akiwa mkata mikungu, akapanda cheo hadi kuwasimamia watu wa kupanda miche. Kampuni ile ilikufa kama zilivyokufa nyingine. Alirudi kwao, na nyuma ya nyumba kulikuwa na michikichi ya baba yake, akaongeza ya kwake, ikawa msitu mdogo wenye kivuli mchana kutwa.

Nilisomeshwa na michikichi ile. Kila mwanzo wa muhula ilikuwa inakuja kwa balenieri, chombo kirefu cha mbao chenye injini, bidon ya njano, dumu la plastiki lililojaa mawese, na kwenye mshikio wake kitambaa chekundu ili isichanganywe na za wengine. Nilikuwa naipokea bandarini, naiuza sokoni, nalipa shule. Hivyo mpaka nilipopata diploma ya ualimu. Nilipoanza kazi nilimwambia asitume tena, akatuma tena, akasema bidon imezoea njia. Kifaransa changu chote kilitoka kwenye mikungu ile, na mikato yangu na kalamu yangu nyekundu pia.

Alinipigia simu wiki chache baada ya karatasi kusambazwa. Kule mtandao unapatikana juu ya kichuguu kimoja tu, na mtu anayepiga simu huwa anapiga kelele hata asipohitaji.

"Mama!" Ananiita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. "Niliona karatasi yako! Nilisoma mbele ya batu yote. Nikawaambia, mwenye kuandika hii iko mutoto ya dada yangu."

"Umejuaje ni mimi, tonton? Haina jina."

"Nani mwingine anawekaka virgule mingi hivi?"

Nilicheka, maana mikato naipenda kweli. Nilikuwa na rundo la karatasi za mitihani mbele yangu, kalamu mkononi, na simu nimeibana kwa bega.

"Wapimaji walishafika?"

"Walifika! Walikata mistari, droit, droit, ya kunyooka, na vijiti na ruban ya mwekundu. Kama zamani kabisa. Bon, na mimi niko natengeneza pangu. Siku ya lundi tunaanza kukata ya zamani. Ni vile?"

Nilisikia "ya zamani" nikadhani ni vichaka vya shamba la zamani la mihogo. Sikuuliza. Mwanafunzi mmoja alikuwa ameandika kwamba Tshopo, mto wetu, ni bahari, na hasira zangu zote zilikuwa kwake.

"Ni vile, tonton. Endelea."

"Basi naendelea," alisema, na mtandao ukakatika.

Mwezi mmoja na zaidi ulipita. Jumamosi moja sokoni nikakuta mpose wamejaa tele. Mpose ni funza wanene wanaozaliwa ndani ya shina la mchikichi lililoanguka, na kwetu ni chakula cha kumpa mgeni wa heshima, si cha kununua kila unapojisikia. Mama mmoja alikuwa nao beseni zima, wanatambaa, kwa bei ya kushangaza. Nilinunua, nikawakaanga kwa vitunguu na pilipili. Jumamosi iliyofuata nilinunua tena, nikawaalika walimu wenzangu wawili. Jumamosi ya tatu ndipo nikauliza, kwa mazungumzo tu, anawatoa wapi wote hao.

"Yahuma, madame. Kuna muzee moja kule, aliangusha mbila yake yote."

Mbila ni mchikichi, kwa Lingala, na kwa Kiswahili chetu cha soko pia.

"Yote? Kwa nini?"

"Compagnie inaleta mupya. Shamba ya mafuta. Mutoto ya dada yake, mwalimu ya huku Kisangani, ndiye alimuandikia."

Alikuwa ameshaanza kunipimia. Sikumbuki kama nilichukua beseni langu au nililiacha pale. Nakumbuka nilisimama nikirudia kichwani kila sentensi ya karatasi yangu, na kila sentensi ilikaa mahali pake bila kasoro. Mistari iliyonyooka: michikichi ya kampuni hupandwa kwa mistari. Eneo husafishwa: ndiyo, kampuni ya zamani haikupanda mche wake mpaka miti ya zamani iondoke kwanza. Hutoa mafuta miaka mingi. Hata vijiti vya utepe mwekundu vya wapimaji vilikuwa sawasawa na vya kupandia miche. Niliandika karatasi kamili kabisa juu ya kitu kingine.

Niliomba ruhusa shuleni kwa habari ya ugonjwa katika familia, nikapanda balenieri. Simu yake haikupatikana njia nzima. Siku mbili majini, kisha pikipiki kutwa nzima kwenye njia ya matope, na nilikuwa na swali moja tu: imebaki mingapi. Mama wa sokoni alisema yote, lakini watu wa sokoni huongeza chumvi. Nilijipunguzia. Nilisema labda nusu. Nilipofika Isangi nikasema labda robo ndiyo imeanguka. Mche wa mchikichi unakaa miaka minne ndipo utoe mkungu wa maana, na tonton alikuwa na miaka sabini na kitu. Hesabu hiyo naweza kuifanya bila daftari.

Nyumba niliiona kutoka mbali, na hiyo ndiyo iliyoniambia. Siku zote ilikuwa lazima uifikie kabisa ndipo uione, kwa sababu ya miti. Sasa ilikuwa imekaa peke yake chini ya jua. Nyuma yake mashina yalikuwa yamelala, mengine yamechanwa na watu wa mpose, na tonton alikuwa ameyapanga upande upande ili katikati pawe wazi. Alikuwa amepafagia. Aliposikia pikipiki alivaa shati la kanisani, akaja kunipokea, akanishika mkono, akanipeleka kuona kabla hata sijanywa maji.

"Angalia, mama. Hakuna mutu mwingine hapa alitayarisha hivi. Wakileta mbila mupya, mimi niko wa kwanza."

Mitatu ilikuwa imesimama, nyuma ya jiko. Mke wake alikataa. Alikaa chini ya shina na sufuria yake, akawaambia wakataji kwamba yeye leo jioni anapika, na hakuna karatasi iliyomwambia atapikia nini. Mwanamke yule hakusoma hata darasa moja. Nilimsalimu nikashindwa kumtazama usoni.

"Inakuja na bateau gani, meli gani?" tonton aliniuliza. "Miche?"

Nilimwomba tukae. Nilikuwa nimejitayarisha njia nzima, na nilikuwa na maneno ya utangulizi, lakini niliyaacha yote. Niliokota kipande cha jiwe jekundu mlangoni, nikamwambia mafuta wanayotafuta ni ya magari, na yako chini sana, ndani ya mawe. Nikamweleza matundu. Nikamweleza kifuniko. Ile aya niliyoifuta nilimpa yote, mdomoni, kwa Kiswahili, na haikuwa nzito hata kidogo.

Alilichukua lile jiwe, akalifinya kwa vidole vyake, kama anavyofinya tunda kujua kama limeiva.

"Mafuta iko ndani ya jiwe. Sawa na ndani ya mbila."

"Sawa na ndani ya mbila, tonton. Lakini hakuna mti."

"Nani alipanda?"

"Hakuna mtu."

Mke wake alikuwa ameacha kupika.

"Alors haiko shamba," alisema.

"Hapana, tonton. Si shamba."

"Sasa mbona uliandika shamba?"

"Kwa Kifaransa wanasema *champ*."

"Lakini wewe uliandika na Swahili."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira, maana mimi mwenyewe ni mtu wa hasira na ningejua pa kukaa. Nilimwomba msamaha. Nililia, na sina desturi ya kulia mbele ya watu. Yeye aliendelea kulishika jiwe, akaniambia nikaoge, safari ilikuwa ndefu.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Baada ya ibada aliniomba nisimame mbele, niwasomee watu karatasi yangu, kisha niisahihishe. Nilisoma kila sentensi na kusema kosa lake liko wapi. Niliwaza kwamba nitakuta kijiji kizima kimebaki bila mti, na nilikuwa tayari kutukanwa. Lakini walinisikiliza kwa utulivu, na mzee mmoja akauliza kama wapimaji watarudi kung'oa vijiti vyao. Nilipotembea kijijini baadaye nilielewa. Kwa jirani wa kwanza michikichi ilikuwa imesimama. Kwa wa pili pia. Mmoja alikuwa ameangusha miwili, kwa kujaribu. Walikuwa wamesema wangoje kwanza waone, kwa sababu karatasi ni karatasi na kampuni ni kampuni. Tonton peke yake ndiye hakungoja. Wengine hawakumjua aliyeandika.

Injinia na watu wake walishaondoka Simi-Simi. Nyumba ile sasa wamepanga watu wa kanisa, na kuna kwaya. Wengine wanasema walikuta kitu, wengine wanasema hawakukuta, na mimi sijui, wala darasani sisemi kama najua. Mistari yao msituni imeota majani. Siku hizi nikifika kwenye somo la mafuta nawapa wanafunzi jiwe mkononi kwanza. Hawalipendi somo hilo, kwa sababu nauliza maswali mengi.

Tonton ameotesha miche mwenyewe, ndani ya mifuko ya plastiki, kwenye kivuli cha ile mitatu ya nyuma ya jiko. Hatujazungumza tena habari ya karatasi. Nikimpigia simu ananieleza mingapi imeota na mingapi imeliwa na panya, na bado ananiita mama.

Muhula ulipoanza nilikwenda bandarini siku ile ile ninayoendaga kila muhula. Miguu tu ilinipeleka. Balenieri ya Yahuma ilikuwa imefunga, wanashusha mihogo na kuku, na bidon yangu haikuwepo. Nilirudi sokoni nikanunua mawese kwa akina mama wa Yanonge, nikajaza bidon ya njano mpaka shingoni, nikafunga kitambaa chekundu kwenye mshikio, nikairudisha bandarini kwa kigari cha kusukuma. Mwenye balenieri ananifahamu tangu nikiwa na sare ya shule. Aliitazama bidon, akanitazama mimi, akacheka.

"Madame, hapa umekosea. Mafuta inatokaka Yahuma. Haiendake kule."

"Safari hii sijakosea," nilimwambia. "Mpelekee tonton."